Somo la Nyakati

Jumamosi, Withernsea, manyunyu yasiyojua kuacha,
namfundisha Tunu viambishi kwenye meza ya jikoni.
TA, namwambia, ni kesho. ME ni jambo lililokwisha
lakini bado limekaa nawe chumbani.
Anaandika: Nitakula. Nimekula.
Ananiuliza ipi inashibisha.

Jumatano nilikuwa Hull, ukumbi wa halmashauri,
safu ya nyuma, na daftari langu la vipimo.
Kazi yangu ni utepe na vigingi:
kila Machi naenda ukingoni mwa gema la udongo
kupima ardhi iliyobaki kati ya kigingi na bahari.
Kigingi cha sitini na tatu: mita tisa mwaka juzi,
nne mwaka jana.
Mwaka huu sikukiona kigingi.

Bwana Garside alivaa tai ya rangi ya majani mabichi.
Akamulika picha ukutani: mabomba, feni kubwa kama nyumba,
mshale wa buluu unaozama chini ya Bahari ya Kaskazini.
Tutainyonya hewa chafu, alisema. Tutaifukia.
Tutaipoza anga yenyewe, ikibidi.
Nikajikuta nahesabu:
TA arobaini na moja kabla ya chai.
ME moja tu, "Tumefurahi kuwaona."

Kisha Dakta Pryce, mfupi, koti limelowa mabegani,
akapewa dakika sita.
Hakuwa na feni. Alikuwa na mstari mmoja unaopanda
na sauti ya mtu aliyesema jambo lilelile miaka ishirini.
Barafu imeyeyuka. Maji yamepanda.
Mashine sizichukii, alisema, nyingine tutazihitaji,
ila msinywe sumu leo
kwa kuwa kuna kijana anasomea udaktari.
Mwenyekiti akatazama saa. Akaomba, kwa adabu zote,
kwenye kumbukumbu za kikao "imeyeyuka"
iandikwe "huenda inayeyuka".

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Na harusi ilinoga: biskuti, kupeana mikono,
kiwanda cha zamani kikaongezewa miaka kumi na tano ya moshi
kwa dhamana ya feni
ambayo haijazunguka hata mara moja.

Wa kukaa matanga, mmoja namjua. Bi Stathers,
nyumba ya mwisho barabarani,
barabara ambayo mwisho wake siku hizi unahama.
Kamba yake ya kuanikia ilikuwa na milingoti miwili.
Wa pili umekwenda na banda la baiskeli, usiku,
bila kelele nyingi.
Bado anaanika. Kamba ameifunga kwenye kitasa cha mlango,
kwa hiyo siku ya kufua haingii mtu wala hatoki.
Nilipompelekea barua ya halmashauri
alisoma nusu, akaikunja mara nne,
akaipachika dirishani lisigongegonge.
"Watafanya," alisema. "Marehemu mume wangu naye
alikuwa ataziba paa."
Tukacheka mpaka akakohoa.
Nyuma yake shuka la waridi lilitunishwa na upepo,
na chini ya shuka hapakuwa na bustani.

Tunu amemaliza zoezi.
Ameona ukurasa unaofuata: NGE na NGALI.
Mbona hizi hujanifundisha?
Hizo ni za wiki ijayo, namjibu,
halafu naisikia sauti yangu, na tai yake ya kijani.
Haya. Vuta kiti.
NGALI ni mlango uliofungwa kwa nje,
unaweza kulia hapo, huwezi kuingia.
NGE bado una upenyo. Mguu unapita, kama ni mwembamba
na kama unakwenda sasa.
Nipe mfano, anasema.
Nachukua penseli yake iliyotafunwa.
Tungeacha kuchoma,
naandika, na mkono unasimama hapo,
mvua inagonga bati la kibanda cha jirani.

Anainama, anasoma, anakunja uso
kama mkaguzi aliyeshika kosa.
Mama, NGE zinakwenda mbilimbili.
Hii yako ni nusu.